Woga Uliovikwa Joho la Utiifu: Sifa za Rosa katika Rosa Mistika

Utangulizi

Ni wahusika wachache wa kike katika riwaya ya Kiswahili waliohukumiwa kwa haraka kama Rosa wa Rosa Mistika (1971), riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi. Aghalabu, wanafunzi humgawa mara mbili: msichana mtiifu wa kijijini Namagondo, kisha mwanachuo mpotovu. Makala hii inashikilia kwamba mgawanyo huo haujitoshelezi, kwa kuwa sifa inayodaiwa kubadilika haikubadilika kamwe.

Utiifu na woga

Rosa ni kifungua mimba wa Zakaria na Regina kisiwani Ukerewe. Jina lake ni mojawapo ya majina ya sifa anayoitwa Bikira Maria katika litania ya Kanisa Katoliki, yaani waridi la fumbo. Hivyo basi, kabla hajatenda lolote, amekwisha kutwikwa mzigo wa usafi. Ajabu ni kwamba mlinzi wa usafi huo ni Zakaria, mlevi anayempiga mkewe. Anapogundua barua ya Charles, Zakaria anamcharaza bintiye bila huruma. Tokeo lake ni Rosa kuwaogopa wanaume pasipo kujifunza kuwajua. Hapa mhakiki hana budi kutofautisha mambo mawili: kuepuka kosa kwa kuhofia fimbo si sawa na kuliepuka kwa kutambua ubaya wake.

Wepesi wa kushawishika

Fimbo ya baba haifiki katika shule ya wasichana ya Rosary. Shinikizo la wenzake na ulaghai wa Deogratias, mwanamume mwenye cheo na pesa, vinamkuta Rosa akiwa hana silaha. Aliyezoea kuambiwa 'usifanye' akatii, sasa anaambiwa 'fanya', naye anatii. Katika chuo cha ualimu cha Morogoro, hata mkuu wa chuo, aliyestahili kuwa mzazi wa pili, anashiriki kumpotosha.

Hata hivyo, tusimfanye Rosa kuwa malaika. Anautumia urembo wake apendavyo, na anatoa mimba. Ana hatia, lakini si hatia yake peke yake.

Toba na hitaji la kukubaliwa

Baadaye Rosa anajirudi na kutumainia ndoa na Charles. Toba yake ni ya kweli. Hata hivyo, Charles anapogundua kuwa Rosa si bikira, anamwacha, ilhali hakuna anayemdai Charles ushahidi wa usafi wake mwenyewe. Rosa anajiua. Kwa mara nyingine, thamani yake ameikabidhi mikononi mwa mwanamume, kama alivyolelewa kufanya.

Hitimisho

Riwaya hii iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kudhaniwa kwamba ingewapotosha vijana. Yamkini kilichotisha si upotovu wa Rosa bali kioo walichowekewa wazazi na walezi. Mwanafunzi anayejadili sifa zake asikomee kuorodhesha: mtiifu, mwoga, mshawishika, mwenye toba. Aonyeshe jinsi sifa moja inavyoizaa nyingine, na nani aliyeipanda mbegu. Mkunga mmoja wa sifa hizo zote ni woga, na woga huo Rosa hakuzaliwa nao.