Kuvunjika kwa Koleo: Namna ya Kumsaidia Kijana Aliyekosa Chuo Alichokitaka

Safari hii nimeona tuweke kando mambo ya saruji na mabomba, tuzungumze jambo ambalo wengi wetu limetukuta au litatukuta. Kila ukoo una mtu wake wa chuo, na sisi tuliokuja kusoma huku ndio hao. Simu ikilia, iwe imetoka Mombasa, Morogoro au Leicester, swali ni lile lile: "Wewe uliyefika huko, hebu tuambie, mtoto aende chuo gani?" Na ugumu unazidi pale ambapo mtoto mwenyewe ameshakataliwa na chuo alichokipenda.

Mimi lilinikuta Machi 2025. Dada yangu mkubwa, anayeishi Leicester, alinipigia simu usiku. Mwanawe, tumwite Nassir ingawa si jina lake, alikuwa na miaka 17 na alikuwa ameomba vyuo vitano kupitia UCAS, akitaka uhandisi wa ujenzi. Chuo kikubwa cha London, ambacho picha yake ilikuwa ukutani kwake tangu ana miaka 14, kilikuwa kimemkataa. Vyuo vitatu vilimpa nafasi kwa masharti, na kimoja kilikuwa hakijajibu. Mtoto hali vizuri, shuleni aenda kwa kusukumwa, na asema bora akae nyumbani mwaka mzima aombe tena. Dada akamaliza kwa sauti ya chini: "Na usimwambie mtu. Nishawaambia watu anakwenda London."

Nilipanda treni Jumamosi. Haya ndiyo niliyojifunza, pamoja na makosa yangu mwenyewe.

1. Usianze na hadithi yako

Kosa la kwanza nililifanya jioni ile ile. Nilimkalisha nikamsimulia yangu: nilivyofanya KCSE mwaka 2013, nilivyotaka uhandisi wa ujenzi, nikapangiwa uhandisi wa maji katika chuo ambacho sikukiweka mbele, na leo hii niko Uingereza nafanya shahada ya uzamivu katika hayo hayo maji. Nilidhani nimemjenga. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Mjomba, hiyo yako iliisha vizuri, ndiyo maana unaisimulia."

Nilikosa jibu. Kijana aliyekataliwa juzi hataki mfano. Ataka aruhusiwe kusikitika kwanza. Mpe siku chache. Kula naye, tazameni mpira, mwache aongee akitaka.

Tena kuna huzuni mbili ndani ya nyumba, ya mtoto na ya mzazi, na zisichanganywe. Nilikaa na dada jikoni peke yetu nikamwambia kwamba mtoto anapoambiwa jambo lifichwe, anachosikia ni kwamba yeye ndiye aibu. Dada alinyamaza. Kesho yake alimpigia simu mama mmoja rafiki yake akamwambia ukweli, na Nassir alikuwa sebuleni akisikia.

2. Ulizeni sababu

Si kila chuo hutoa sababu za kumkataa mwombaji, lakini kuuliza hakugharimu kitu. Nassir aliandika barua pepe fupi ya heshima kwa ofisi ya udahili. Aliandika mwenyewe, mimi nilisahihisha tahajia tu. Jibu lilikuja baada ya wiki moja na nusu: waombaji walikuwa wengi kupita nafasi, na wengi walikuwa na makadirio ya alama yaliyozidi yake. Walimu wake walikuwa wamemkadiria AAB.

Siku ile ndipo nilipojua kilichokuwa kikimla. Alikuwa ameamini kimoyomoyo kwamba amekataliwa kwa sababu ya jina lake. Sikumwambia kwamba ubaguzi haupo duniani; angeniona muongo. Nilimwonyesha tu kwamba safari hii kuna sababu nyingine iliyoandikwa, na kwamba inapimika. Jambo linalopimika unaweza kulifanyia kazi.

Na lile wazo la kukaa mwaka mmoja? Msilicheke. Wako wanaorudi kuomba wakiwa na alama zao mkononi na wakapata. Lakini muulize: ukiomba tena, kitu gani kitakuwa kimebadilika? Kama jibu ni alama, basi alama zenyewe hutoka Agosti. Hana haja ya kuamua Machi. Ashike nafasi alizonazo, asome, na matokeo yakitoka ataweza kuamua. Nassir alipoelewa kwamba kukubali nafasi sasa hakumfungii njia ya kuomba upya, alirudi kwenye vitabu.

3. Jueni sheria za mchezo

Kwa ambao hamkupitia njia hii, mpangilio ni huu. UCAS humruhusu mwombaji kuchagua hadi kozi tano, ila kwa udaktari wa binadamu, wa meno na wa mifugo chaguo ni nne. Majibu yakitimia, anashika nafasi mbili: moja ya kwanza na moja ya akiba. Zilizobaki anaziachia. Akitimiza masharti ya ile ya kwanza, ndiko anakokwenda. Akishindwa huko lakini akatimiza ya akiba, anakwenda kwenye akiba.

Hapo pana mitego miwili. Wa kwanza ni kuweka akiba inayotaka alama sawa na chaguo la kwanza, au zaidi. Hiyo si akiba. Wa pili ni kuweka akiba chuo ambacho hutaki hata kukikanyaga. Mwambie kijana ajione yuko pale Oktoba, na mvua inanyesha. Akikunja uso, atafute kingine.

Na akikosa kote kuwili kuna utaratibu uitwao Clearing, unaofunguliwa mapema Julai hadi Oktoba, ambapo vyuo hujaza nafasi zilizobaki. Watu wetu wengine huuona kama soko la mitumba. Si kweli, vyuo vyenye sifa nzuri huwemo pia. Ila anayepiga simu awe mwanafunzi mwenyewe, si mama wala mjomba.

4. Masharti kwanza, matakwa baadaye

Sasa nikuelezeni kosa langu la pili. Mimi mhandisi bwana, nikachora jedwali. Vyuo vitatu upande mmoja, vigezo vinane upande wa pili, kila kigezo na uzito wake wa 1 hadi 5, zidisha, jumlisha. Chuo cha karibu na nyumbani kikaongoza. Nikafurahi. Nassir akalitazama lile jedwali, akauliza: "Mjomba, huu uzito ameupanga nani?"

"Mimi."

"Basi chuo hiki utakwenda wewe."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimekipa "kukaa karibu na mama" uzito wa 5 na "maisha ya kujitegemea" uzito wa 1, halafu nikaita hesabu. Tukachana karatasi tukaanza upya, safari hii kama tunavyosanifu daraja. Katika usanifu kuna masharti, ambayo yakivunjwa daraja linaanguka, na kuna matakwa, ambayo watu wanaweza kujadili. Masharti tuliyaandika wote wawili. Matakwa aliyaandika yeye peke yake.

Sharti kubwa lilikuwa kutambuliwa kwa shahada. Huku Uingereza, Engineering Council huweka orodha ya kozi za uhandisi zilizoidhinishwa, na yeyote anaweza kuitafuta kwenye intaneti. Shahada ya MEng iliyoidhinishwa hutimiza kiwango chote cha elimu kinachotakiwa kwa mhandisi mwenye cheo cha CEng. BEng hutimiza sehemu, na mtu huongeza masomo baadaye, kwa mfano shahada ya uzamili. Na anayefikiria kurudi nyumbani asisahau kwamba Kenya ina Engineers Board of Kenya na Tanzania ina Engineers Registration Board. Waulizeni mapema kuhusu shahada ya nje, kabla ya kulipa karo ya miaka minne. Fani nyingine nazo zina bodi zake: sheria, uuguzi, famasia. Ulizeni huko pia.

Sharti hili peke yake liliondoa chuo kimoja. Kozi yake ilikuwa na neno "ujenzi" kwenye jina, lakini tulipoisoma vizuri ilikuwa ya usimamizi wa ujenzi. Ni kazi nzuri yenye heshima yake, ila si njia ya kuwa mhandisi anayesanifu. Nassir alikuwa ameiomba bila kusoma orodha ya masomo.

5. Fedha zisemwe waziwazi

Kwetu fedha huzungumzwa usiku, watoto wamelala. Huyu mtoto ndiye atakayedaiwa, kwa hiyo awepo. Kwa mwaka wa masomo 2025/26, karo ya juu kwa mwanafunzi wa ndani huko England ilikuwa pauni 9,535. Mkopo wa kujikimu ulifika pauni 8,877 kwa anayekaa na wazazi, 10,544 kwa anayehama nje ya London, na 13,762 kwa anayekaa London mbali na wazazi, na hupungua kipato cha nyumbani kikiwa kikubwa. Viwango hubadilika, angalieni vya mwaka wenu.

Tena hakikisheni mtoto anastahili mkopo. Wako watoto waliokulia hapa bila makazi ya kudumu ambao hugundua tatizo dakika ya mwisho. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilimpa haki Beaurish Tigere, mzaliwa wa Zambia aliyeletwa Uingereza akiwa mdogo, na baada ya hapo serikali ikaweka kigezo cha kukaa muda mrefu: aliye chini ya miaka 18 awe ameishi nchini miaka 7, na wa miaka 18 au zaidi awe ameishi nusu ya umri wake au miaka 20. Yapo na masharti mengine ya ukaaji halali. Mwenye mashaka atafute ushauri wa sheria mapema.

Dada alikuwa na hofu nyingine, nayo ni riba. Sheria ya mwaka 2017 iliruhusu serikali kuanzisha mkopo usio na riba, lakini hadi Nassir anaomba chuo mwaka 2025 ulikuwa haujaanza. Sikujitia mufti. Nilimwambia aulize anaowaamini, na Nassir awepo akisikiliza. Wakakubaliana achukue mkopo wa karo, na matumizi yake apunguze kwa kufanya kazi likizoni. Familia nyingine itaamua vingine.

6. Nendeni mkaone

Aprili tulitembelea vyuo viwili vilivyobaki. Siku za wageni kila kitu hung'aa na biskuti ni bure. Basi tulitoka kwenye msafara, tukaingia mkahawani, Nassir akawauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu: maabara mnaingia mara ngapi kwa wiki? Kazi zenu zinarudishwa baada ya muda gani? Mwaka wa kufanya kazi kwenye kampuni, mnatafutiwa au mnajitafutia? Chumba cha sala kiko wapi? Basi la mwisho ni saa ngapi?

Chuo cha kaskazini, kilichotaka AAB, kilikuwa na mwaka mzima wa kazi kwenye kampuni. Cha karibu na nyumbani, kilichotaka BBB, kilikuwa na jina zaidi mtaani kwetu. Njiani kurudi nilijiuma ulimi kwa saa mbili nzima. Tulipokaribia Leicester akasema mwenyewe: kaskazini kwanza, cha nyumbani akiba. Nikamuuliza sababu. "Pale maabara niliona watu wamechafuka."

Siku ya matokeo, Agosti, alipata ABB. Alama moja pungufu. Ukurasa wake wa UCAS ulikuwa haujabadilika. Dada alinipigia akilia, akataka nipige simu chuoni. Nikakataa, na haikuwa rahisi. Nassir alipiga mwenyewe saa mbili asubuhi, akaeleza alama zake na kwa nini anataka kozi ile. Mchana nafasi ikathibitishwa. Lakini hata isingethibitishwa, akiba alikuwa nayo, na alikuwa ameichagua kwa macho yake.

Ndugu wasomaji, wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ila mhunzi ndiye achague koleo jipya, kwa kuwa ndiye atakayelishika. Sisi wajomba, mashangazi, kaka na dada wa chuo, kazi yetu ni kujua sheria, kusema ukweli kuhusu fedha na vyeti, kusindikiza, na mwisho kunyamaza. Mimi hilo la mwisho ndilo lililonishinda zaidi.

Nawatakieni masomo mema, na simu ya nyumbani ikilia, ipokeeni.