Deni Likifika Kwenye Mshahara: Nani Anaweza Kukata, na Kiasi Gani

Mfanyakazi wa Kayole au Umoja anafungua hati yake ya mshahara mwisho wa mwezi na kukuta maelfu ya shilingi hayapo. Akiuliza afisi ya mishahara, anajibiwa kwamba ni amri ya korti. Wengi husikia hapo kwa mara ya kwanza kwamba walishtakiwa.

Kesi ya deni haianzii kwa mwajiri. Huanza na wito wa mahakama. Deni lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kisheria inapaswa kumaliza kesi ndani ya siku 60; mengine huenda kwa hakimu, kwa mfano katika Mahakama ya Makadara, Jogoo Road. Mdaiwa asipopatikana, wito unaweza kuachiwa mtu mzima wa familia anayeishi naye, au kubandikwa mlangoni. Tangu 2020, kanuni zinaruhusu pia wito kutumwa kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu, WhatsApp ikiwemo. Kwa hiyo ujumbe wa aina hiyo usifutwe kwa kudhaniwa ni wa matapeli. Namba ya kesi ipelekwe kwenye masjala ya mahakama iliyotajwa, na karani atasema kama kesi ipo. Mdaiwa ana siku 15 za kujibu. Akinyamaza, hukumu hutolewa bila yeye kusikizwa.

Baada ya hukumu, mdai ndiye huchagua njia ya kupata pesa zake. Anaweza kumtuma dalali, kuomba pesa zilizo benki zizuiwe, kuomba mdaiwa aitwe aeleze kwa nini asifungwe kifungo cha madai, au kuomba mshahara ukatwe. Kwa mtu aliyeajiriwa, njia ya mshahara ndiyo yenye fujo kidogo zaidi: hakuna vyombo vinavyotolewa nje majirani wakitazama. Amri humfikia mwajiri, naye hana hiari. Akiipuuza na kumlipa mfanyakazi pesa zilizozuiwa, anaweza kudaiwa yeye.

Kiasi gani kinakatwa? Hapa watu huchanganya theluthi mbili za sheria mbili tofauti. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinakinga theluthi mbili za mshahara wa mtu aliyeajiriwa, kwa hiyo mdai hawezi kugusa zaidi ya theluthi moja. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 nacho kinasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Hiki cha pili ndicho kinachotajwa sana mitaani, lakini hakimpi mdai ruhusa ya kuchukua theluthi mbili.

Tuseme mshahara ni shilingi 30,000. Korti inaweza kuamuru hadi 10,000. Kodi, NSSF, bima ya afya ya jamii na ushuru wa nyumba vichukue 3,800 hivi, na mkopo wa Sacco 8,000. Jumla ni 21,800, ilhali kikomo cha makato yote ni 20,000. Lazima kitu kipungue. Mwajiri hawezi kubadilisha amri ya korti kwa uamuzi wake, kwa hiyo mfanyakazi ndiye anayepaswa kurudi mahakamani na hati za mshahara, risiti za kodi ya nyumba na karo, aombe kulipa kwa awamu ndogo. Mahakama ina uwezo wa kuruhusu hivyo. Asisubiri miezi: riba na gharama za kesi huongezwa juu ya deni, na deni la 60,000 linalokatwa 10,000 kwa mwezi huenda lisiishe kwa miezi sita.

Aliyehukumiwa bila kupata wito anaweza kuomba hukumu iondolewe, ila ombi lifanywe mapema na liambatanishwe na utetezi wake. Asiye na wakili anaweza kuuliza katika Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au Kituo cha Sheria.

Wapo wanaokata bila kesi. KRA inaweza kumwagiza mwajiri au benki kulipa kodi iliyokomaa. HELB hukata kupitia mwajiri kwa mujibu wa sheria yake. Sacco hukata kwa sababu mwanachama mwenyewe alitia sahihi, jambo ambalo wengi husahau. Kampuni za mikopo ya simu hazimo katika orodha hii. Haziwezi kumwamuru mwajiri akate chochote bila hukumu, na kanuni za Benki Kuu za 2022 zinazikataza kutumia vitisho au kupigia watu walio katika simu ya mkopaji ili kumwaibisha. Mwenye duka anayedai unga na mafuta naye hana njia ya mkato.

Kudaiwa si miongoni mwa makosa makubwa ambayo kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira kinayataja kuwa sababu ya kumfuta mtu papo hapo.

Kila mwezi, kiasi kilichokatwa kionekane kwenye hati ya mshahara, na mfanyakazi adai uthibitisho kwamba kimefika kwa mdai au mahakamani. Mwajiri anayekata na kukaa na pesa anavunja sheria, na malalamiko hupelekwa kwa afisa wa kazi. Deni likiisha, korti iombwe kuandika kwamba limelipwa na nakala ipelekwe kwa afisi ya mishahara, kwa maana bila karatasi hiyo makato yanaweza kuendelea mwezi unaofuata.