SOMO LETU: MAKARANI WAWILI NDANI YA KOMPYUTA MOJA



Matawi yenye kompyuta huhesabu kilo, mishahara na michango kwa programu ya lahajedwali iitwayo Excel. Leo tunajifunza jinsi ya kuiwasha programu hiyo mara mbili kwa wakati mmoja. Msidhani ni jambo la makarani tu. Linagusa mfuko wa mchuma chai.

Sisi tulijifunza kwa aibu. Tulikuwa twende kuonana na mwajiri juu ya bei ya kilo ya majani mabichi. Asubuhi tulifungua kwanza daftari la mishahara tulilopewa na ofisi ya shamba, halafu daftari letu la kilo. Katika daftari letu tukabadili bei kutoka shilingi 100 kuwa 110, tukanakili jumla kwenye karatasi, tukaondoka. Mtu aliyechuma kilo 900 alistahili shilingi 99,000. Karatasi yetu ilisema 90,000. Karani wa mwajiri ndiye aliyetuonyesha kosa, na sisi ndio tuliokwenda kudai!

Kosa lilitoka wapi?

Tangu Excel ya mwaka 2013, kila daftari hukaa katika dirisha lake. Ukitazama, utadhani kila moja linajitegemea. Sivyo. Ni karani mmoja mwenye madaftari mawili mezani. Namna ya kukokotoa anaipata kwenye daftari la kwanza kufunguliwa, na madaftari yote yanayofuata huifuata hiyo hiyo.

Daftari la ofisi lilikuwa limewekwa lisikokotoe mpaka liamriwe. Hiyo si hila. Wahasibu hufanya hivyo daftari likiwa kubwa, ili kompyuta isichelewe. Lakini daftari letu nalo likanyamaza. Tena ukilihifadhi katika hali hiyo, linaichukua hali hiyo na kwenda nayo hata siku nyingine.

Dawa yake

Mpe kila daftari karani wake:

1. Fungua daftari la ofisi kama kawaida.
2. Chini ya kioo, bonyeza alama ya Excel kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Orodha ndogo itatokea.
3. Shikilia kitufe cha Alt, kisha bonyeza jina la Excel katika orodha hiyo. Usiachie Alt mpaka uulizwe kama unataka kuiwasha programu upya. Kubali.
4. Ndani ya dirisha hilo jipya, nenda File, kisha Open, ufungue daftari lenu. Usilifungue kutoka nje, maana laweza kurudi kwa karani wa kwanza.

Kuhakikisha, bonyeza View, kisha Switch Windows. Likionekana jina la daftari lenu peke yake, mmefaulu.

Faida na hasara

Faida ya kwanza ni kwamba kila daftari linakokotoa kwa amri yake. Ya pili, programu moja ikikwama, ile nyingine inaendelea na kazi yenu haipotei.

Hasara zipo. Makarani hawa hawasomeani: huwezi kuandika fomula katika daftari moja kwa kubonyeza namba iliyo katika jingine. Ukinakili kutoka huku kwenda kule, namba huja bila fomula zake. Ukifungua daftari lile lile kwa makarani wote wawili, wa pili ataruhusiwa kusoma tu. Na kila karani hula nafasi yake katika kumbukumbu ya kompyuta. Mashine ikiwa kuukuu, wawili wanatosha.

Kama kazi yenu ni kuunganisha madaftari kwa fomula, basi yaacheni kwa karani mmoja. Lakini kabla ya kunakili jumla yoyote bonyezeni F9, ambayo ni amri ya kukokotoa. Neno Calculate likionekana chini upande wa kushoto, jueni hesabu bado.

Hata hivyo, kompyuta isiwaondolee kalamu. Chukueni mchumaji mmoja, zidisheni kilo zake kwa bei, mlinganishe. Sisi tungefanya hivyo kwa dakika moja tu, tusingeaibika.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Kwa nini daftari letu lilifuata amri ya daftari la ofisi?
2. Wachumaji 40, kila mmoja kilo 900: kosa letu lingewapotezea shilingi ngapi kwa jumla?
3. Katika tawi lenu, nani hukagua hesabu kabla ya kwenda kwa mwajiri?