Somo: Mzigo Ulionunuliwa Mtandaoni Usipofika

Mkazi wa Mabawe akiagiza simu kutoka Kariakoo, mzigo wake husafiri zaidi ya kilomita 1,000 na kupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kushushwa Ngara. Ukipotea, nani abebe hasara?

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, huchukulia kuwa mzigo uliokabidhiwa msafirishaji ili upelekwe kwa mnunuzi umekwisha kumfikia, isipokuwa itakapothibitika kuwa pande mbili zilikubaliana vinginevyo. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mtake muuzaji aandike, hata kwa ujumbe mfupi, kwamba atawajibika hadi mzigo upokelewe Ngara.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 humtaka muuzaji atimize agizo ndani ya siku 30, kama hapakuwa na makubaliano mengine. Muda huo ukipita, mnunuzi anaweza kusitisha mkataba kwa notisi ya maandishi na kudai fedha zake.

Hatua za kufuata:

1. Hifadhi namba ya muamala, mazungumzo yote na stakabadhi ya mzigo.
2. Mwandikie muuzaji ukitaja tarehe, kiasi ulicholipa na siku ya mwisho ya kujibu.
3. Muuzaji akikaidi, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Ikiwa kosa ni la msafirishaji wa vifurushi mwenye leseni, naye hakukuridhisha, nenda TCRA.

Usifute ujumbe wowote hadi fedha zirudi: huo ndio ushahidi wako.