Mkunazi wataka kisu kuliko maji

Kaskazi inaelekea ukingoni, na kama una mkunazi shambani au nyuma ya nyumba, huenda siku hizi ndio mti unaotia huruma kuliko yote. Nusu ya majani imepukutika, matawi yamesokotana kama nywele zisizochanwa, na kunazi chache zilizobaki kileleni zimesinyaa. Wengi wakiuona hivyo hukimbilia ndoo. Mimi nakuomba ndoo uiweke chini, ushike mkasi wa kupogolea, au panga lililonolewa vizuri kama mkasi huna.

Kiu huo mti wauweza. Mzizi wake mkuu huzama chini sana, na ardhi ya kichanga yenye chumvi kidogo, ambayo mchungwa ungeikimbia, mkunazi huistahimili. Usichoweza ni kuachwa. Maua yake hutoka kwenye kwapa za majani ya tawi changa, lile lililochipua msimu huohuo. Tawi la mwaka juzi kazi yake imebaki kubeba wenzake tu. Usipoukata, machipukizi mapya husogea nje na juu kila mwaka, na matunda husogea nayo, madogomadogo, hadi yafike mahali ambapo hayafikiki ila kwa kupenya kichaka cha miiba. Nawe wajua miiba ya mkunazi: kila jani na jozi yake, mmoja umenyooka, wa pili umepinda kama ndoana. Ule ulionyooka hukuchoma unapoingia, uliopinda hukungoja utoke.

Basi kata sasa, mavuno yakiwa yamekwisha na masika hayajaanza. Kwa mti mzima, ondoa kwanza yaliyokauka, yanayogusa ardhi na yanayokwaruzana. Kisha kila tawi lililozaa msimu uliopita lirudishe nyuma kama nusu. Kwa mti mchanga kazi ni kuujengea umbo: bakiza shina moja, na juu yake, kuanzia usawa wa kiuno, matawi matatu au manne yanayotazama pande tofauti. Ukiuachia kila chipukizi la chini utakuwa kichaka, na kichaka hakivuniki.

Mwaka wa kwanza nilipoukata wa kwangu, mzee jirani alisimama ng'ambo ya ua akanitazama kwa muda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, huo mti umekukosea nini?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha, maana kwa kweli ulikuwa umebaki kama kigingi chenye vidole. Mvua zilipokolea ukavaa majani mapya hadi ukawa mzito. Kunazi zilipoanza kugeuka rangi, mzee alituma mjukuu wake aje kuazima mkasi.

Nauelewa mshangao wake. Pwani yetu mkunazi ni mti wa heshima, si wa biashara. Zanzibar mtaa mzima ndani ya Mji Mkongwe unaitwa Mkunazini. Katika miji mingi ya mwambao hukosi kuukuta mmoja karibu na msikiti, na hapo hakuna anayeuliza unazaa kilo ngapi, kwa sababu unatunzwa kwa ajili ya majani. Yakipondwa na kuvurugwa kwenye maji hutoa povu kama la sabuni. Mabibi huyaoshea nywele, na Waislamu huoshea maiti kwa maji hayo. Hodi ya usiku wa manane ikipigwa na mtu akasema, "Tuna msiba, tunaomba majani ya mkunazi," hakuna anayemnyima. Mimi mwenyewe niliwahi kupigiwa hodi hiyo siku nne tu baada ya kupogoa mti wangu wa pekee. Niliona aibu kumwonyesha mgeni vigutu kwa tochi.

Tangu hapo nina desturi mbili. Mkunazi mmoja ulio karibu na lango siugusi kwa kisu hadi mingine iwe imeshachipua. Na majani ya matawi ninayokata nayaanika kivulini, kwani jua kali huyababua, kisha nayatwanga na kuyaweka kwenye kopo lenye mfuniko. Kama pana mkunazi mmoja tu mtaani kwako na ni wako, fanya hivyo kabla hujapeleka matawi kwa mbuzi.

Tuje kwenye miche, maana masika ndiyo wakati wake. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema. Kokwa ya kunazi ni ngumu kama jiwe, na mbegu yenyewe, moja au mbili, imejificha ndani. Mara ya kwanza nilizika kokwa arobaini nzimanzima, nikamwagilia, nikangoja wiki mbili, nikafukua moja nikaikuta vilevile. Kwa hasira nikaumwaga udongo wote kwenye lundo la mboji. Mwezi haukuisha, lundo likaota mikunazi. Kokwa isiyopasuliwa huchukua kama wiki tatu hadi nne kuota, wakati iliyopasuliwa vizuri hutoa chipukizi kwa siku saba hivi.

Neno ni hilo "vizuri". Ukiipiga nyundo kwa nguvu utapata unga. Chukua kokwa zilizooshwa nyama yote na kukauka, zitokane na mti wenye nguvu hata kama matunda yake ni machungu, kwani hapa tunatafuta mizizi tu. Kokwa zilizopumzishwa miezi kama minne huota vizuri kuliko za juzi. Kabla ya kupasua, zipime kwa maji ya chumvi: gramu 170 hadi 180 za chumvi kwa lita moja, ziloweke siku nzima. Zinazoelea ni tupu, tupa. Zilizozama zioshe kwa maji baridi. Kisha isimamishe kokwa kwa ubavu wake mwembamba juu ya gogo, igonge kidogo kwa nyundo ndogo hadi usikie mlio wa kupasuka, halafu acha. Wengine hutumia koleo, wakibana taratibu. Vyovyote iwavyo, utaharibu chache za mwanzo, kwa hiyo anza na kokwa nyingi kuliko miche unayoitaka.

Panda kwenye viriba virefu, si vile vifupi vya mchicha. Mzizi mkuu hushuka haraka, na ukifika chini hujikunja, na mche wa namna hiyo hauji kuwa mti wa maana. Kwenye shamba kavu mimi hupenda zaidi kupanda kokwa mbili tatu moja kwa moja shimoni, nikang'oa dhaifu na kubebesha palepale, yaani kupachika jicho la mti mzuri kwenye mche wa mbegu. Mzizi usiohamishwa hauna kinyongo.

Kubebesha si hiari kama wataka matunda ya kuuza. Mche wa mbegu utazaa, lakini utazaa utakavyo wenyewe: wakati mwingine tamu, mara nyingi kunazi ndogo za mwituni, zenye kokwa kubwa na nyama kidogo. Wahindi ndio waliolima tunda hili kwa makini kuliko wote, wakatoa aina kama Gola, Seb na Umran, zenye matunda yanayokaribia ukubwa wa yai dogo. Usipozipata, tafuta mkunazi wowote mtaani kwako unaosifiwa na watoto. Watoto hawadanganyiki kuhusu kunazi.

Miche ikifika miezi mitatu au minne na shina likawa nene kama penseli, iko tayari. Siku ya kubebesha iwe katikati ya mvua, wakati utomvu unatembea na ganda la mti huachia lenyewe ukilichokoa. Chagua tawi changa lisilo na maua kutoka mti mzuri, kata majani lakini acha vikonyo vyake, ukate na miiba usije ukajichoma katikati ya kazi. Kwenye mche, kama shibri moja kutoka chini, chora kwa kisu kikali alama ya herufi T, isizidi sentimita tatu kwenda chini, ikate ganda bila kuuchimba mti. Toa jicho moja kutoka kwenye lile tawi pamoja na kipande chembamba cha ganda, lichomeke ndani ya T ukilishika kwa kikonyo chake, kisha funga kwa utepe wa nailoni juu na chini, jicho lenyewe likibaki wazi. Vidole visiguse upande wa ndani. Fanya haraka, kwani jicho likikauka limekufa.

Baada ya wiki mbili au tatu gusa kile kikonyo. Kikidondoka kwa kuguswa tu, jicho limeshika. Kikiwa kimenyauka na kung'ang'ania, limeshindwa, nawe jaribu upande wa pili wa shina. Lililoshika, kata shina la juu yake, na kila chipukizi linalotoka chini ya jicho lifyeke bila huruma. Hapo ndipo niliwahi kuharibu miche sita: nilisafiri, nikarudi nikakuta mkunazi mwitu umeota kwa chini na kulifunika jicho langu zuri kabisa.

Mwenye mkunazi mwitu mkubwa asiung'oe. Aukate shina usawa wa goti wakati huu wa ukavu. Mvua itatoa fimbo nyingi, achague tatu nzuri, zikinenepa kama penseli azibebeshe macho ya aina anayoitaka. Mizizi ya miaka kumi tayari ipo chini, kwa hiyo mti wa namna hiyo huwahi kuzaa.

Shimoni weka samadi iliyooza, na kati ya mti na mti acha mita saba au nane. Miaka ya mwanzo panda kunde katikati. Usipande aina moja tu shamba zima. Aina nyingi za mkunazi hazijichavushi zenyewe vizuri, zahitaji jirani wa aina nyingine. Maua yake hayana harufu ya kumpa mtu, lakini nzi na nyuki huyapenda. Asali ya ndugu yake wa Yemen na Oman, anayeitwa sidri, huuzwa ghali sana huko.

Magonjwa si mengi. Ubwiriunga huja hewa ikiwa na unyevu, ukiyafunika matunda machanga kwa unga mweupe, na mti uliopogolewa hupata kidogo kwa sababu hewa inapita. Nzi wa matunda ndiye mwizi hasa. Kunazi zilizoanguka na funza ndani usiziache chini hata siku moja, zikusanye uzizike kina cha nusu mita. Na usiache kokwa zisambazwe ovyo malishoni. Ng'ombe na mbuzi hula matunda na kwenda kuziangusha mbali, na kaskazini mwa Australia mti huu umefunga malisho hadi umekuwa gugu la kupigwa vita.

Kuvuna ni kwa awamu. Kunazi hazikomai pamoja, na iliyochumwa kijani haiivi kapuni. Chuma zikianza kuwa njano na bado zinakatika kama tufaha. Kwa vitamini C haziko nyuma ya chungwa. Zilizobaki zikawa kahawia, zianike. Bonde la Zambezi, ambako huitwa masau, watu huzikausha na kuziuza msimu mzima, wengine hupikia pombe kali.

Mche uliobebeshwa waweza kuanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu, mradi uufikie mwaka huo, maana mbuzi hupenda jani la mkunazi kuliko tulipendavyo sisi tunda. Kwa hiyo yale matawi uliyoyakata wiki hii, ukishachuma majani ya kopo na mbuzi wakamaliza yaliyobaki, usiyachome. Yaburute kwa uma, si kwa mkono, uyazungushe kwenye kila mche mchanga, ncha za miiba zikitazama nje.