Namna ya Kusoma Orodha ya Machapisho ya Mtafiti wa Baridi Yabisi

"Ana makala zaidi ya mia tatu." Maneno kama hayo husomwa kongamanoni kabla mgeni hajapanda jukwaani, na ukumbi hupiga makofi. Idadi peke yake haikwambii kitu. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa udaktari, mwandishi wa habari za afya au mwenye mgonjwa nyumbani, anayetaka kujua mtafiti fulani amefanya nini hasa. Mfano wetu ni Ravinder Maini, mtafiti wa baridi yabisi wa London, kwa kuwa kazi yake na mwenzake Marc Feldmann ina njia inayofuatika.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mtu mmoja. Fungua PubMed, hazina ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Andika jina la ukoo na herufi za mwanzo za majina mengine: Maini RN. Hiyo herufi ya pili usiiache. Ukiandika Mohamed A utaletewa watu chungu nzima, kuanzia madaktari wa macho hadi wa mifugo. Hapo ongeza jina la chuo, au la mtu anayeandika naye mara kwa mara. Watafiti wengi wa sasa wana namba ya ORCID yenye tarakimu 16, iliyoanza kutolewa mwaka 2012. Ukiipata, umepunguza kazi kubwa.

Hatua ya 2: Panga kwa tarehe, uanze na za zamani. Unatafuta swali moja ambalo mtu amelifuata kwa miaka. Mwaka 1989 kundi la Maini na Feldmann lilichapisha katika jarida la Lancet makala ambayo mwandishi wake wa kwanza ni Fionula Brennan. Walichukua seli kutoka kwenye viungo vya wagonjwa, wakazuia kemikali iitwayo TNF kwa kingamwili, na interleukini-1, kichochezi kingine cha uvimbe, nayo ikapungua. Kumbe ukiizuia moja, nyingine hufuata. Mwaka 1992 wagonjwa wa kwanza walitibiwa kwa kingamwili ya kuzuia TNF katika Hospitali ya Charing Cross. 1993 ikatoka ripoti ya wagonjwa 20, wasio na kundi la kulinganishwa nao. 1994 likaja jaribio lenye ulinganisho. 1999 jaribio la wagonjwa 428 waliokuwa wakitumia pia dawa ya methotreksati. Orodha isiyo na uzi wa namna hiyo, inayorukaruka kila penye fedha, mimi huisoma kwa tahadhari.

Hatua ya 3: Chuja. Pembeni mwa ukurasa kuna vichujio vya aina ya makala. Weka kando mapitio, tahariri na barua kwa mhariri. Si kwamba hazina thamani, ila kwa kawaida humo hamna wagonjwa wapya. Orodha ndefu huweza kunywea sana hapa.

Hatua ya 4: Tazama jina limekaa wapi. Katika tiba, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyebeba kazi, wa mwisho ndiye mkuu wa kundi. Ila si sheria: makala ya 1994 inaanza na Michael Elliott, na Maini ni wa pili. Anayekaa katikati kila mara, uliza alichangia nini.

Hatua ya 5: Chagua jaribio moja ulisome lote. Hapa usiwe na haraka. Lile la 1994 lilikuwa na wagonjwa 73 katika makundi matatu. Baada ya wiki 4, waliopata nafuu ni 2 kati ya 24 waliopewa dawa bandia, 11 kati ya 25 wa dozi ndogo, na 19 kati ya 24 wa dozi kubwa. Sasa uliza: nafuu ipi? Ni ya angalau asilimia 20, kwa kipimo kinachounganisha maumivu na uvimbe wa viungo, kukakamaa kwa asubuhi, kipimo cha damu cha ESR, na maoni ya daktari na mgonjwa. Si kupona. Na wiki 4 ni chache mno kwa ugonjwa wa maisha, ndiyo maana jaribio la 1999 lilihitajika.

Hatua ya 6: Toka nje ya orodha, utafute madhara. Kingamwili ile iliingia sokoni, na ndiyo dawa iitwayo infliximabu. Mwaka 2001 Joseph Keane na wenzake waliripoti katika New England Journal of Medicine wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu wakiitumia. Makala hiyo haimo kwenye orodha ya Maini, lakini kwetu, ambako kifua kikuu bado kipo mitaani, haifai kuachwa. Ndiyo sababu mgonjwa hupimwa kifua kikuu kilichojificha kabla ya kuanza dawa hizi.

Hatua ya 7: Fedha na makala zilizobatilishwa. Soma aya ya maslahi mwishoni mwa makala. Kingamwili ya 1994, kwa mfano, ilitengenezwa na kampuni ya Centocor. Makala iliyobatilishwa huwekewa tangazo juu kabisa ya ukurasa wake PubMed.

Ukikuta makala imefungwa kwa malipo, jaribu kwanza PubMed Central. Ikishindikana, muulize mkutubi wa chuo au hospitali ya rufaa iliyo karibu kama wamesajiliwa Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaofungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo maelfu ya majarida. Neno la siri huwa analo yeye.