MISTARI MITUPU KATIKA ORODHA ZINAZOINGIZWA KWENYE KOMPYUTA

Watumishi wa Serikali wanaotunza kumbukumbu, pamoja na wananchi wanaozitumia, wanaarifiwa kuwa mstari mtupu katika orodha si jambo dogo. Orodha inaponakiliwa kutoka jedwali la kompyuta na kubandikwa katika programu nyingine, mstari huo huingia pamoja na mingine, na programu isiyoelekezwa ipasavyo huweza kuacha eneo zima nje ya hesabu.

Uchukuliwe mfano wa Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Mpanda. Halmashauri zake ni tano. Karani huziandika kwa kufuata wilaya: Manispaa ya Mpanda na Nsimbo, kisha Tanganyika, kisha Mlele na Mpimbwe. Ili orodha isomeke vizuri, huacha mstari mtupu baina ya wilaya na wilaya. Mistari sasa ni 7.

Programu inayosimama kwenye mstari mtupu wa kwanza itasoma Manispaa ya Mpanda na Nsimbo tu. Ikiwa orodha hiyo ni ya mgao wa madawati, shule za halmashauri 3 zitakosa. Programu inayohesabu kila mstari, kwa upande wake, itatoa halmashauri 7. Majibu yote mawili si sahihi, na huenda kompyuta isitoe onyo lolote.

Utaratibu unaofaa ni huu:

(a) Programu isome hadi mwisho wa orodha. Mstari mtupu urukwe, usifanywe kikomo.

(b) Mstari wenye nafasi au alama za tabo peke yake uhesabiwe kuwa mtupu.

(c) Nafasi za pembeni ziondolewe wakati wa kupima tu. Zikiondolewa katika mstari wenyewe, tabo ya mwanzo hupotea na tarakimu huhamia safu ya jina.

(d) Mstari wenye jina lakini usio na tarakimu usirukwe, wala usijazwe sifuri. Sifuri maana yake ni kwamba hesabu ilifanywa na hapakuwa na kitu. Pengo maana yake ni kwamba taarifa haijafika.

(e) Namba za mistari iliyorukwa zihifadhiwe.

Kwa lugha ya Python, maagizo hayo huandikwa hivi:

mitupu = []
safu = []
for namba, mstari in enumerate(maandishi.splitlines(), 1):
    if not mstari.strip():
        mitupu.append(namba)
        continue
    safu.append(mstari.split("\t"))

Kabla ya taarifa kuwasilishwa, hesabu ilinganishwe: mistari 7 iliyobandikwa, 2 iliyorukwa, 5 iliyohifadhiwa. Hesabu isipolingana, taarifa isitumwe mpaka kosa lipatikane.